Shirika mmesajili, waathirika wako wapi?

Barua nyingi za safari hii zinahusu fedha za VOCA, ile sheria ya Marekani ya mwaka 1984 inayotoa ruzuku kwa wanaohudumia waathirika wa uhalifu. Wale wa "nitumie fomu" wasisubiri. Sina fomu, na hilo nimeshalisema hapa mara nyingi.

Tumesajili shirika mwezi uliopita hapa Ohio. Maombi tunayapeleka Washington? Na mkurugenzi anaruhusiwa mshahara kiasi gani?

Washington hamna shughuli nako. Serikali kuu hulipa kila jimbo dola 500,000 za msingi, ikaongeza kulingana na idadi ya watu, kisha ofisi iliyoteuliwa na gavana ndiyo inayopokea maombi. Kwenu Ohio ni ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

Mshahara unaruhusiwa kwa kazi ya kuwahudumia waathirika. Lakini barua yenu ina kurasa mbili: mwenyekiti, makamu, mhazini, nembo, mpaka rangi ya fulana. Mwathirika hayumo hata mmoja! Sheria inataka shirika lenye rekodi ya kazi. Lisilo nayo lioneshe kuwa walau robo ya fedha zake inatoka nje ya mfuko wa VOCA. Nyinyi hamna hiki wala kile. Anzeni kwa kumsindikiza mama mmoja mahakamani kuomba amri ya ulinzi, mkae naye kwenye benchi mpaka kesi yake iitwe, mwandike tarehe na saa mlizotumia. Jina lake lisizagae. Siri ya mhudumiwa ni sharti la ruzuku yenyewe. Mkishakuwa na kazi ya kuonesha, bisheni hodi kwenye shirika kongwe la mjini kwenu, mwombe kufanya nao kazi chini ya ruzuku yao.

Hizi ni kodi zetu, au vipi?

Si kodi. Ni faini na adhabu wanazotozwa waliotiwa hatiani katika mahakama za serikali kuu, nyingi zikitoka kwa makampuni makubwa. Ndiyo maana zinapanda na kushuka. Mwaka 2018 Bunge liliruhusu zitumike dola bilioni 4.4, mwaka 2024 zilikuwa bilioni 1.35 hivi, ingawa sheria ilirekebishwa Julai 2021 ili kuziba pengo. Anayeajiri watu watano kwa VOCA peke yake amejenga kwenye kingo za mto wa mafuriko, na wa kwanza kusombwa ni yule mama aliyeahidiwa mshauri.

Tukishinda, hela zinaingia lini?

Majimbo mengi hurudisha ulichokwisha kutumia. Unalipa kodi ya ofisi, unawasilisha risiti, unangoja. Kama hamna akiba ya miezi mitatu, msiombe mwaka huu. Halafu kuna mchango wenu, asilimia 20 ya gharama yote ya mradi, isipokuwa jimbo liwasamehe. Si lazima uwe taslimu, saa za wanaojitolea zinahesabiwa. Ila ziwe kwenye daftari: jina, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi aliyofanya, saini. "Dada zetu walisaidia sana" hakuna mkaguzi anayeipokea.

Mimi ni mchungaji. Kanisa letu linaweza kuomba? Tuna huduma ya kupatanisha wanandoa.

Kanisa linaweza, mradi fedha hizo zisiendeshe ibada wala mahubiri, na asiye muumini ahudumiwe sawasawa. Hiyo ya kupatanisha, Baba Mchungaji, iweke kando mke anapokuwa na alama shingoni. Mwanamke aliyekabwa na mumewe yuko katika hatari kubwa ya kuuawa. Kumketisha mbele ya mume huyohuyo na wazee wa kanisa aeleze kosa lake ni kumrudisha mikononi mwake. Mpelekeni hospitali.

Tuna mama asiyejua Kiingereza. Binti yake wa miaka 11 anatafsiri vizuri sana. Tunaweza kumlipa kidogo kutoka kwenye ruzuku?

Hapana, hapana, hapana. Mnataka mtoto amwambie muuguzi, kwa kinywa chake, baba alimfanya nini mama? Na mama naye ataficha nusu ili kumkinga mwanawe, kisha maelezo nusu yaingie kwenye faili. VOCA inalipia mkalimani. Mwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo. Asiwe shangazi, wala jirani wa ukoo mmoja na mume. Na muulizeni mama lugha yake. Wengi wanaoandikiwa "Swahili" wanakisikia Kiswahili cha sokoni tu, na mambo ya chumbani wanayasema kwa Kibembe au Kinyamulenge.

Asiye na karatasi anahudumiwa?

Kanuni za VOCA hazimfungi mwathirika kwa hali yake ya uhamiaji, wala hazimlazimishi kwenda polisi kwanza. Lakini someni mkataba wa mwaka husika mstari kwa mstari kabla ya kutia saini: mwaka 2025 majimbo kadhaa yaliishtaki Wizara ya Sheria kwa masharti ya uhamiaji iliyotaka kuyafunga kwenye ruzuku hizi.

Kuna ndugu anatutoza dola 600 atuandikishe SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaoomba ruzuku, tupate UEI, namba ya kulitambulisha shirika. Ni halali?

Kujiandikisha ni bure. Mwambieni ndugu awarudishie.