Msiwawekee vijana wa parkingi versement

Ndugu, kama hamjasaini, simamisheni. Umeandika kwenye uzi wako hapa mtandaoni kwamba kamati ya wenye maduka wa barabara yenu, pale karibu na Posta, inataka kupanga magari. Unauliza rangi gani ya mistari inadumu, mtoze bei gani, malori ya mizigo yaingie saa ngapi. Halafu chini kabisa, kama jambo la kupita, unasema vijana wanne wameshapatikana na kila mmoja ataleta versement, yaani kiasi cha pesa kilichopangwa, kila jioni. Hapo ndipo mtakapoumia. Sisi tuko hapa hapa L'shi, Lubumbashi, barabara chache kutoka kwenu, na versement ndiyo iliyotuvunja.

Kwenye karatasi inapendeza. Kijana anapewa jile (kizibao) ya njano na kipande chake cha barabara, anaambiwa: jioni leta kiasi hiki, kinachozidi ni chako. Lakini kijana ana akili zake. Anajua akingojea wateja wa kupita, siku ya mvua atarudi mikono mitupu. Kwa hiyo anatafuta watu wa uhakika: wafanyakazi wa ofisi za juu, wabadilisha dola, na sisi wenyewe wenye maduka. Anawauzia nafasi kwa mwezi. Saa mbili na nusu asubuhi ukingo wote umejaa magari ambayo hayataondoka mpaka jioni, na versement yake imeshapatikana. Kuanzia hapo kila gari analoliingiza ni faida yake, na kwa kuwa nafasi halali zimekwisha, anatafuta zisizo halali.

Anafungua mstari wa pili. Anamwambia dereva asivute breki ya mkono, asiweke vitesi (gia), aende zake. Gari likizuia lingine, vijana wawili wanalisukuma kwa mabega hadi mbele ya mlango wa farmasi na kuliacha hapo. Juu ya kioo wanalaza karatoni ili usukani usichomwe na jua, na karatoni hiyo ndiyo risiti yako. Mama mjamzito aliyekuja kununua dawa anapita ubavu kati ya bampa mbili. Wateja wa kweli wanazunguka mara mbili, hawaoni pa kusimama, wanaenda kununua Kenya, ile komini ya hapa hapa mjini.

Mstari wa pili ulipojaa, wakapandisha magari juu ya barza. Barza zetu za katikati ya mji unazijua, zile zenye nguzo na paa, ambapo mtu anatembea duka hadi duka bila jua wala mvua. Zilijengwa kwa ajili ya miguu ya watu. Na pembeni yake, chini ya ukingo, kuna mfereji uliofunikwa kwa mabamba ya zege. Land Cruiser moja ikavunja bamba la kwanza. Likafuata la pili, na la tatu. Vipande vikaanguka ndani. Hakuna aliyeviondoa: kijana alikuwa anakimbiza versement, na kamati kila jioni ilikuwa inahesabu makuta, yaani pesa, na kufurahi. Mvua za mwezi wa 11 zilipoanza, mfereji ukatema maji yote juu ya barza, yakaingia ndani kwa mama anayeuza vitenge. Vitenge vyote vya rafu za chini vililoa maji ya udongo mwekundu, na unajua udongo wetu ukishaingia kwenye kitambaa hautoki. Makuta yote ya versement yaliyokuwa kwenye sanduku la kamati yalienda kumlipa mama yule, na hayakutosha. Wenye maduka wakachangishwa tena. Mabamba ya zege, nayo tukalipa. Wawili walihama barabara yetu kwa hasira, na siwalaumu.

Aliyetuuzia mpango huu ni mshauri aliyekuja na kompyuta yake, akatuonyesha miduara ya rangi ukutani, akasema mji huu ulichorwa kwa barabara pana, nafasi ziko tele, mnalalia makuta. Hakushuka hata mara moja kuhesabu gari moja. Alichukua malipo yake mwanzoni, na baada ya mvua hakupokea simu. Huyo nina hasira naye mpaka leo, na nikisikia sentensi zake zile zile kwenye uzi wako, damu inanichemka.

Ni kweli barabara zilipimwa vizuri na kukatana mraba tangu mji wetu ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville mwaka 1910. Lakini milango ya nyumba za zamani inafungukia barza moja kwa moja, na chini ya nyumba hizo hakuna aliyeacha gereji, wala leo huwezi kuichimba bila kuzibomoa. Mlicho nacho ni ukingo. Ukingo wa mita 60 unaingiza magari kumi yaliyopangwa kwa urefu, basi. Gari likilala hapo tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, limekula saa tisa. Nafasi hiyo hiyo ingepokea wateja tisa wa saa moja moja. Mkiziuza zote kumi kwa mwezi, mmefunga mlango kwa watu tisini kila siku.

Hata mita ya kwanza ya parkingi duniani, iliyosimamishwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, ilitokana na kilio hiki hiki: wafanyakazi wa maduka walikuwa wanafika asubuhi na kujaza nafasi, wateja wanakosa. Carl Magee, mtu wa magazeti, akaleta mashine ya senti tano kwa saa ili gari litoke. Paris mwaka 1957 walianza na kadi tu ya kuonyesha saa uliyofika, bila kulipa kitu. Na Profesa Donald Shoup wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, Marekani, alifundisha kwamba kwenye kila nafasi saba au nane, moja inapaswa kubaki wazi. Hiyo moja ndiyo inayomwokoa mteja wako asizunguke.

Kwa hiyo kijana alipwe mshahara unaojulikana, kutoka kwenye mchango wa maduka, na kazi yake iwe saa. Gari likifika anaandika plaki (namba ya gari) na saa kwenye karatasi, anaibana chini ya waipa. Muda ukipita anamfuata mwenye gari dukani. Mkitaka kujua kama anafanya kazi, piteni saa tano asubuhi muone kama kuna nafasi wazi. Na magari yenu ninyi wenye maduka yaingie nyuma, kwenye parcelle (kiwanja chenu), kule kwenye boyerie za zamani, vile vyumba vya watumishi, mnakoweka makreti matupu. Mkishindwa hili, msianze.

Habari ya kutoza, barabara ni ya mji. Kaeni kwanza na watu wa meri (ofisi ya mji) na wa roulage (polisi wa barabarani). Kwetu polisi walikuja na minyororo wakafunga magari ya mstari wa pili, na waliolipa faini walikuwa wateja wetu, siyo vijana.

Jile mlizonunua zitumieni. Kwenye mkataba futeni mstari wa versement, andikeni mshahara, na hao vijana wanne wawepo mkiandika. Nitumie ujumbe wa siri uniambie kamati inakutana lini, nije niwaonyeshe daftari la matengenezo yetu kabla hamjasaini.