Kwa nini nukta haihisiwi na kipande cha mstari kinahisiwa: kapasiti na ukadiriaji wa fanksheni za hamoniki

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati mjini Tabora. Nimesoma kuwa katika bapa nukta ina kapasiti sifuri, lakini kipande cha mstari, ambacho nacho hakina eneo, kina kapasiti ya robo ya urefu wake. Inakuwaje? Na jambo hilo linauhusu vipi ukadiriaji wa fanksheni za hamoniki?

Jibu: Ndugu mwalimu, ugumu unatokana na kuichukulia kapasiti kana kwamba ni eneo, ilhali yenyewe hupima jinsi fanksheni za hamoniki (zile ambazo thamani yao kwenye kila nukta ni wastani wa thamani zao juu ya duara linaloizunguka) zinavyoihisi seti. Chukua bati la duara, kama yale wanayokata mafundi wa Mwanga hapa Kigoma, lenye nusu kipenyo cha mita 1. Ukingo wake uwe nyuzi 0, kiduara cha katikati chenye nusu kipenyo r kiwe nyuzi 100, na nyuso zake zisipoteze joto. Joto likishatulia huwa fanksheni ya hamoniki, na umbali wa nusu mita kutoka katikati ni nyuzi 100 mara logi ya 2, gawanya kwa logi ya 1/r. Kiduara cha milimita 1 huleta takriban nyuzi 10 mahali hapo. Ukikipunguza hadi sehemu moja ya milioni ya mita, bado zimebaki nyuzi 5. Joto hilo linashuka polepole mno, lakini mwisho wake ni sifuri, na ndiyo maana ya kusema kuwa nukta haihisiwi. Msumari mwembamba uliolazwa juu ya bati haupotei hivyo, hata ukiupunguza unene kadiri utakavyo.

Sasa ukadiriaji. Katika pete iliyo kati ya duara la nusu kipenyo 1 na la 2, logi asilia ya umbali kutoka kitovu ni fanksheni ya hamoniki. Polinomia ya hamoniki lazima iwe na wastani uleule juu ya maduara yote mawili, kwa kuwa wastani huo ni thamani yake kitovuni. Logi ina wastani 0 kwenye la kwanza na 0.693 kwenye la pili. Kwa hiyo kosa la kuikadiria logi kwa polinomia hizo haliwezi kushuka chini ya 0.34, hata ukiongeza vipeo namna gani. Kinachozuia ni tundu. Mwanahisabati Walsh alithibitisha katika miaka ya 1920 kwamba, katika bapa, seti fumbatu K (isiyoenea bila kikomo na yenye mpaka wake wote) isiyo na tundu haina kizuizi hicho: fanksheni yoyote endelevu juu ya K, iliyo ya hamoniki ndani yake, hukadiriwa kwa polinomia za hamoniki kwa usahihi wowote unaotaka. Hapa ndipo robo yako inapofanya kazi, kwani karibu kadiri utakavyo na kila nukta ya mpaka huanzia njia isiyokatika iliyo nje ya K na kwenda mbali, na njia hiyo, hata ikiwa nyembamba kama uzi, huhisiwa kama kile kipande cha mstari.

Katika nafasi ya vipimo vitatu uzi una kapasiti sifuri. Nje ya K yaweza kuwa kitu kimoja kisichokatika, lakini ikaufikia mpaka kwa mwiba mwembamba kiasi kwamba hauhisiwi, kama mwanahisabati Lebesgue alivyoonyesha mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiyo sababu sharti la wanahisabati Keldysh na Deny haliulizi kama kuna tundu: linataka, kwa kila tufe wazi, sehemu yake iliyo nje ya K iwe na kapasiti sawa na sehemu yake iliyo nje ya undani wa K (yaani K bila mpaka wake). Likitimia, fanksheni zote endelevu juu ya K zilizo za hamoniki ndani yake hukadiriwa kwa fanksheni za hamoniki katika ujirani wa K. Lisipotimia, zipo zisizokadirika.