Amini kutoka kwa haloalkani: fuata elektroni kwanza, ikwesheni itakuja yenyewe

Wadogo zangu wa PCB na PCM (michepuo ya sayansi ya kidato cha tano na sita), hii topiki ya kutengeneza amini (amonia ambayo haidrojeni yake imebadilishwa na kundi la kaboni) kutoka kwa haloalkani (alkani yenye halojeni kama bromini) nafundisha tuisheni kila mwaka na ushauri wangu ni uleule, kabla hujakariri chochote jiulize nani hapa ana jozi ya elektroni za kugawa.

Chukua bromoethani. Bromini inavutia elektroni kwake kwa hiyo kaboni iliyoshikana nayo inabaki na chaji chanya kidogo, amonia inakuja na jozi yake ya kwenye naitrojeni inaivamia hiyo kaboni, bromini inaondoka ikiwa ayoni ya bromaidi. Hapo una chumvi tu, amini bado. Amonia ya pili ndo inakuja kuchomoa haidrojeni moja na ethilamini inabaki huru, ndo maana tunaandika amonia mbili:

CH3CH2Br + 2NH3 → CH3CH2NH2 + NH4Br

Sasa shughuli yenyewe iko hapa. Ethilamini nayo ina jozi ya elektroni, tena ni nyukliofaili (kitu kinachogawa jozi yake ya elektroni) kali kuliko amonia kwa sababu kundi la ethili linaisukumia elektroni, na bromoethani bado ipo humohumo, unadhani itaiacha? Inaivamia unapata dayethilamini, inaendelea trayethilamini, mpaka tetraethilamoniamu bromaidi ambayo naitrojeni yake haina jozi tena, basi inaishia hapo.

Kwa hiyo swali likitaka amini praimari (yenye kundi moja tu la kaboni kwenye naitrojeni, kama ethilamini) amonia iwe nyingi mno, kila bromoethani ikutane na amonia tu, na wakitaka ile chumvi ya mwisho unageuza, bromoethani ndo iwe nyingi. Masharti usiyaache jamani: amonia iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, joto, na chombo kilichozibwa maana amonia ni gesi, ukipasha chombo wazi inapaa yote.

Ukitaka praimari peke yake bila mchanganyiko kuna njia ya Siegmund Gabriel ya 1887, anatumia thalimaidi ya potasiamu, naitrojeni yake imeshashikwa na kaboni mbili kwa hiyo ina nafasi ya kundi moja tu la alkili (kama ethili), baadaye unaikata amini inatoka safi. Naipenda sana hii.

Njia ya KCN (sayanaidi ya potasiamu) pia inakwepa mchanganyiko, unapata naitraili (kampaundi yenye kundi la CN) halafu unaiongezea haidrojeni, ila sayanaidi inakuja na kaboni yake. Bromoethani ya kaboni mbili inakupa propilamini ya kaboni tatu, kwa hiyo hesabu kaboni kabla hujaandika jina.