Utani Nao Una Ngeli Yake

Barua za safari hii karibu zote zinahusu maneno ya kubuni na fasili za mzaha. Nimechagua sita.

Mwanangu aliandika "vipilefti" katika insha, mwalimu akampunguzia alama akidai kwamba hilo si neno. Nani ana haki? (Mzazi, Morogoro)

Mwanao. Kipilefti kilizaliwa barabarani, kutokana na kibao cha Kiingereza, "Keep Left", kilichowaamuru madereva wabaki kushoto wanapozunguka katikati ya makutano. Sikio la Mswahili lilisikia silabi ya kwanza likaitambua kuwa ni kiambishi chake, na palipokuwa na kimoja pakahesabiwa viwili. Utani huo ni mkongwe kuliko lami: "kitabu" kilitoka katika Kiarabu, ambako "ki" ni sehemu ya neno lenyewe, na hakuna mtoto anayepoteza alama leo kwa kuandika "vitabu". Madigadi ya baiskeli nayo yalipita njia hiyohiyo, kwa kuwa neno la Kiingereza, "mudguard", lilisikika likianza na "ma" likadhaniwa kuwa wingi, na ndiyo maana fundi akilifungua moja hukuambia kwamba digadi hili limepinda. Mwalimu angekuwa na hoja iwapo mtoto angeandika "makipilefti".

Ni kweli kwamba "machinga" ni maneno ya Kiingereza, "marching guys", yenye maana ya vijana waendao kwa mwendo wa gwaride? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana, na wewe ni wa nne kuuliza. Wamachinga ni watu wa Lindi. Vijana waliotoka kusini kuja Dar es Salaam kutembeza bidhaa walifuatwa na jina hilo, mpaka likawa la mchuuzi yeyote, awe Mchaga au Mkurya. Hadithi ya gwaride ni utani mzuri wa kijiweni. Aliyeubuni alijua kwamba anatania, ila aliyeusambaza hakujua. Vifupisho vya kweli vipo, kwa mfano Ukimwi, ambao ulitungwa makusudi kutokana na Upungufu wa Kinga Mwilini. Lakini tafadhali msiniletee tena "kirefu" cha mume, ndoa wala pesa. Pesa ilikuja na sarafu ya Kihindi, na haikuja na sentensi yoyote ndani yake.

"Bodaboda" ni Kiswahili?

Ndiyo. Kama unasita, nenda Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walikovushwa abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, kisha ujaribu kuita usafiri kwa jina jingine.

Kila nikisikia "kishikwambi", yaani tableti, nacheka. Kwa nini wataalamu wasitafute neno jingine? (Mwanafunzi, Iringa)

Cheka tu. Makarani wa sensa ya Agosti 2022 walitubishia hodi wakiwa na vishikwambi mkononi, baadaye vikagawiwa kwa walimu, na mwalimu ninayekaa naye mtaa mmoja hakicheki tena chake, bali hulalamika kwamba hakikai na chaji. Neno likishafikia hatua ya kulalamikiwa, limeolewa. Yahurumie yale yasiyochekwa wala kulalamikiwa, kama "tarakilishi", ambayo huishi katika karatasi za mitihani huku msimamizi wa mtihani wenyewe akisema "kompyuta".

Nimetunga kamusi ya mzaha yenye maneno mia mbili. Sampuli ya maneno kumi nimeiambatanisha. Niichapishe wapi?

Bado usiichapishe. Kwanza, "ambae" huandikwa "ambaye", na mtunga kamusi hasamehewi kosa hilo hata akiwa anatania. Pili, fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la 1981, utazame neno linalofasiliwa linavyopangwa: neno lenyewe, kisha "nm" kuonyesha kwamba ni nomino, kisha upatanisho ndani ya mabano, halafu fasili fupi isiyo na jazba. Kichekesho hutegemea uso huo mkavu. Ulipoandika kwamba mgeni ni "mtu ambae anakula bure na kujaza choo", hukufasili neno, umemtukana mgeni. Katika kumi ulizoleta, moja tu ndiyo iliyonichekesha: "*fundi cherehani* nm [a-/wa-] mtu atunzaye kitambaa cha mwenzake mpaka sikukuu ipite." Hiyo imesimama kwa sababu "atunzaye" ni neno la heshima, na kila aliyewahi kupeleka kitambaa wiki mbili kabla ya Idi anajua limebeba nini. Fasili zako za makabila uziondoe zote. Mngoni humtania Mhehe hata msibani, na hakuna anayekasirika, kwa kuwa wanajuana kuwa ni watani. Kitabu kitasomwa na watu ambao si watani wako.

Takrima ni ukarimu au rushwa? (Mstaafu, Tanga)

Katika kamusi ni ukarimu. Katika sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwaka 2000 iligeuka kuwa ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006 kwa kuwa inakiuka Katiba. Kati ya mizaha yote ya wiki hii, huo ndio pekee ambao haukutungwa kijiweni. Babu mmoja wa mtaani kwetu, akiletewa sahani ya pilau msimu wa kampeni, bado huuliza kwanza kama ni takrima ya kamusi au ya sheria, kisha hula.