Alitoka soba amenona, siku ya tatu tukamzika

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kakangu alikaa soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, miezi minne, akarudi amenona, anakwenda msikitini, mama akampikia biriani. Siku ya tatu alikutwa uani kwa jirani, sindano ingali mkononi. Wenzake walikuwa wamekimbia. Msibani tulisema ni presha. Sasa mdogo wetu naye ni teja, na wajomba wanataka wamfungie chumbani huko Kwale mpaka arosto, yale mateso ya kukosa unga wa heroini, imwishe. Je, kakangu aliuziwa unga mbaya? Na huyu nimfanyeje asife?
Dada mtu, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla ya kustaafu niliuguza watu wa methadone, dawa wanayopewa mateja badala ya heroini, miaka sita, na kisa chako nimekisikia hadi nakijua mwisho wake kabla sijaambiwa: katoka soba, au katoka jela, siku mbili tatu, kwisha.

Huenda unga ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mwili wake. Aliyezoea hustahimili kete kadhaa. Akikaa miezi bila kugusa, mazoea yale hutoka, naye hurudia kipimo chake cha zamani. Heroini hupunguza pumzi mpaka ikakatika. Ikichanganywa na pombe au bugizi, vile vidonge vya usingizi, ndiyo hatari zaidi.

Kwa hiyo safari ya Kwale siitaki. Mtamfungia wiki tatu, atoke na hamu ileile na mwili usiobeba tena. Waulize wajomba: siku ya kumfungulia mlango, nani atakuwa naye? Kama ni Kwale, basi mpelekeni Kombani kwenye kliniki ya methadone, hata feri hamvuki. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hutuliza arosto na hamu. Wengine huinywa miaka. Watu watasema kaacha unga kashika unga mwingine. Waache waseme.

Wakati huo huo mwambie asijidunge peke yake, asitie komeo, na akikaa hata siku chache bila, asirudie kipimo cha zamani. Utaona kama unampa ruhusa. Nami nilikuwa nikiona hivyo, hadi nilipochoka kwenda mazikoni.

Ukimsikia anakoroma vibaya, ukimsugua kifua kwa konzi haamki, midomo imegeuka rangi, usimmwagie maji wala usimnyweshe maziwa. Na ile ya maskani ya kumdunga maji ya chumvi, usithubutu kuikubali. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano, mwenzako akitafuta gari. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu asipaliwe na matapishi. Iko dawa ya kumzindua, naloxone. Uliza kliniki utaipataje. Lakini nguvu yake huweza kuisha kwa nusu saa hivi, unga ungalimo mwilini, kwa hiyo hata akiamka akakutukana, hospitali aende.

Wale waliokimbia usiwalaani sana. Waliogopa askari, na waliwaogopa nyinyi pia. Watafute uwafundishe haya, maana siku hiyo huenda wao ndio watakuwapo, si wewe.

Na ile presha: waosha maiti walijua, jirani alijua. Mdogo wako huenda hajui ni kwa nini kete alizozizoea kakake ndizo zilizomuua. Mwambie leo, kabla wajomba hawajakodi gari.