Parachichi Haliivi Mtini: Majibu kwa Watunzi wa Beti Fupi za Kutia Moyo

Mara iliyopita nilieleza kazi ninayoipenda kuliko zote: kuchukua jambo moja dogo la kweli, la shambani, jikoni au barabarani, nikalitungia ubeti mmoja na kumtumia mtu aliyechoka. Maswali yamekuja kutoka Tunduma mpaka Ilula. Nimechagua haya.

Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu ameanza kazi Dodoma. Kila akipiga simu analia, anasema hakuwa tayari kuondoka nyumbani. Nimemwambia "jipe moyo" mpaka maneno yameniishia. Jambo la shambani litamsaidia nini? (Msomaji, Tukuyu)

Marahaba. "Jipe moyo" ni agizo. Unamtaka mtu aliyeishiwa atoe tena. Jambo la kweli halimwagizi kitu. Linamwekea mbele kitu cha kutazama, na yeye mwenyewe atajua la kufanya nacho.

Uko Tukuyu, miparachichi imekuzunguka. Unajua kwamba parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa pale juu, likaning'inia miezi na miezi, lakini kulainika halilainiki mpaka lichumwe. Ukiliweka pamoja na ndizi mbivu linawahi zaidi. Basi nimetunga hivi:

*Hukaa gumu mtini,*
*miezi mingi tawini;*
*likichumwa, kikapuni*
*ndipo huanza kuiva.*

Mtumie hivyo hivyo. Usiongeze "parachichi ndiye wewe". Mmekula kutoka mti mmoja, ataelewa.

Ila kweli hii ina upande wa pili, na sipendi kuuficha. Parachichi lililochumwa kabla ya kukomaa haliivi. Husinyaa, likawa kama mpira. Kwa hiyo kabla ya kutuma, jiulize kama mdogo wako alikuwa amekomaa kwa kazi ile. Kama ameisomea na mnamjua uwezo wake, tuma leo. Kama alipelekwa tu kwa sababu nyumbani palikuwa pamebana, muda wa shairi bado. Mtumie nauli arudi, mengine mtayazungumza akiwa amekaa jikoni kwa mama.

Mwalimu, mimi ni dereva wa lori, elimu yangu darasa la saba. Mke wangu amerudi kusoma masomo ya sekondari ukubwani. Wenzake wadogo wanamwacha, ameanza kusema ataacha. Nataka kumwandikia lakini sijui mambo ya vitabuni. (Dereva, Makambako)

Kaka yangu, swali lako nimelisoma mara tatu kwa furaha. Mambo ya vitabuni waachie wenye vitabu. Wewe unaupanda Mlima Kitonga ukiwa na tani za mzigo nyuma. Mwambie mkeo unachokijua.

Unapofika pale chini, unafanya nini? Unashusha gia. Abiria wa basi dogo anayekupita anaona lori linatambaa, anadhani limechoka. Wewe unajua kwamba gia ndogo ndiyo yenye nguvu. Injini inazunguka sana, tairi linazunguka kidogo, na kile kinachopotea kwenye mwendo kinageuka kuwa msukumo. Anayeng'ang'ania gia kubwa mlimani injini inamzimikia, na hapo ndipo hatari inapoanza. Hili mkeo hajawahi kulisikia kwa mwalimu yeyote. Alisikie kwako.

*Kitonga hupandwa pole,*
*gia ndogo, mwendo ule,*
*na lori lafika kule,*
*mzigo ungali wote.*

Mstari wa mwisho ndio nilioutafuta kwa muda mrefu. Mkeo anasoma akiwa na nyumba, watoto na mume aliye safarini. Wale wadogo wanaomwacha wanapanda bila mzigo. Sikutaka kulisema hilo kwenye ubeti, ila nimehakikisha mzigo upo.

Ukipenda, badilisha maneno yawe yako. Unaweza pia kumsomea kwa simu ukiwa umeegesha pale Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuanza kupanda.

Ni lazima vina na mizani? (Mwanafunzi, Iringa mjini)

Si lazima, ila jaribu kwanza kabla ya kukataa. Ninachotumia mimi ni mizani nane kwa mstari, mistari minne, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne ukijitenga. Huo ni mtindo wa utenzi, bibi zetu waliutumia kwa mafunzo marefu, nasi tunaazima ubeti mmoja tu. Hesabu kwa vidole: *ki-to-nga-hu-pa-ndwa-po-le*, nane. Angalia herufi m inayosimama peke yake kabla ya konsonanti, nayo ni mizani kamili: *m-zi-go* ni tatu, *m-ti-ni* ni tatu. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Faida ya kubanwa na nane ni kwamba maneno ya kujaza yanakosa nafasi. "Kwa hakika", "ndugu yangu mpendwa", "katika haya maisha", yote yanabaki nje ya mlango. Lakini kina kikikutaka useme uongo, kiache kina. Ukweli wa jambo ndio uliokufanya ushike kalamu.

Nimetunga shairi la vijana wa kanisani kuhusu tai. Akifika miaka arobaini huenda mlimani, huvunja mdomo wake kwenye mwamba, hung'oa kucha na manyoya, hukaa miezi mitano, kisha huishi miaka thelathini mingine. Nimeambatanisha, naomba unisahihishie vina. (Msomaji, Vwawa)

Vina vyako ni safi, sina cha kugusa. Tatizo ni tai.

Habari hii inazunguka kwenye simu na mimbarini, nami najua umeipokea kwa nia njema. Lakini haikutokea kwa tai yeyote. Tai hafiki miaka sabini porini. Mdomo wa ndege hukua maisha yake yote kama ukucha wetu, ukilika kwa matumizi na kujijenga. Ndege aliyevunja mdomo hawezi kurarua nyama, na miezi mitano bila kula hakuna tai anayeimaliza akiwa hai. Sasa fikiria kijana wa miaka ishirini na mbili, amekosa kazi, anasikia kwamba ili ainuke lazima kwanza ajivunje mwenyewe juu ya mwamba. Si faraja hiyo. Na siku atakapogundua kwamba si kweli, atatilia shaka hata lile lililokuwa la kweli katika maneno yako.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimewahi kufanya hivyo. Miaka ya nyuma nilimwandikia binti wa kaka yangu kuhusu mwanzi wa mbali unaomwagiliwa miaka mitano bila kuchomoza, kisha unapaa ghafla kwa wiki sita. Babu yetu alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, kule Iringa. Akausikia ubeti ukisomwa, akauliza kwa upole, "Mwanzi gani huo?" Kila masika alikuwa akiyaona machipukizi yakitoka, akiyakata ncha asubuhi na jioni, ulanzi ukidondokea kwenye mbeta, chombo cha kukingia. Akatuambia jambo ambalo sikulijua: chipukizi la mwanzi hutoka ardhini likiwa na unene wake wote. Likishatoka huongeza urefu tu, halinenepi tena. Nilikuwa na kweli nzuri kuliko ile ya kubuni, hatua ishirini kutoka mlangoni, nami sikuwa nimeuliza.

Turudi kwa tai wako. Anachofanya kweli ni hiki: hubadilisha manyoya yake machache kwa wakati, haya yakianguka na mengine yakiota, ili mabawa yasipungukiwe mno. Yuko katikati ya kubadilika na bado anawinda.

*Hayang'oi kwa pamoja,*
*hudondoka moja moja,*
*na jipya likiwa laja,*
*naye angali aruka.*

Wasomee vijana huu, halafu waambie wazi kwamba ile habari ya mwamba umeiacha na sababu yake ni nini. Watakuheshimu zaidi.

Kuhusu namna ya kuhakiki, mimi nina njia mbili. Namtafuta mtu ambaye mkono wake unagusa kitu hicho kila siku, mkulima, fundi, mgema, muuguzi. Na nikilikuta jambo limeandikwa na funzo lake tayari limeshonewa ndani, nalitilia shaka zaidi. Viumbe hawaishi ili watufundishe.

Nafundisha darasa la tano Uyole. Watoto wanaweza? (Mwalimu mwenzako)

Wanaweza kuliko sisi. Waambie kila mmoja aje na jambo moja aliloliona nyumbani kwa macho yake. Kwa Mbeya utapata viazi vingi: kiazi ukikikata vipande, kila kipande chenye jicho huota. Usiwaambie waandike "la kutia moyo". Waulize tu, "Nani ungependa alisikie hili?" Mtoto atataja jina, na shairi litakuwa limepata pa kwenda.

Rafiki yangu wa Makete amefiwa na mume. Nimtungie nini? (Msomaji, Njombe)

Kwa sasa, usimtungie. Nenda. Kuni, maji, ugali wa wageni, mtoto wa kupelekwa shule. Kule baridi huwa ya kuganda, na moto jikoni kwa mfiwa ni maneno tosha. Mtu aliyefiwa wiki hii hahitaji kuinuliwa na yeyote, ana haki ya kukaa chini.

Miezi ikipita, wageni wameondoka na nyumba imenyamaza, hapo ndipo wengi humsahau, na hapo ndipo mistari miwili inaweza kuingia. Makete ina Kitulo karibu, uwanda wa juu wenye maua. Watu huja kuona maua masika, ndiyo maana panaitwa Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Wachache huenda Julai, nyasi zikiwa zimekauka na upepo unakata masikio. Okidi nyingi za pale wakati huo hazionekani kabisa. Juu hakuna jani wala ua, ila chini ya udongo kuna kiazi kidogo kilicho hai. Ndicho hicho wachimbaji wanachokifukua kupeleka Zambia kwa chakula cha chikanda, na kikishafukuliwa ua limekwisha. Kwa hiyo kufichika kwake si kufa.

*Julai, Kitulo kimya;*
*viazi vi hai chini.*

Hauna kina, na sikukitafuta. Sikusema pia kwamba masika yatakuja. Analijua. Ukimwambia wewe, utakuwa unamharakisha.

Nilimtumia jirani yangu ubeti wiki mbili zilizopita. Hajajibu. Alikasirika? (Msomaji, Mbalizi)

Huenda, huenda hapana. Ubeti wa kutia moyo hauna deni. Usimuulize kama ameupata. Mpelekee mboga, ongea ya mvua na bei ya mbolea.

Baba yangu amefundisha kwaya ya kijijini miaka mingi. Hajawahi kupewa hata cheti. Sasa anastaafu, anasema kazi yake haikuonekana. Nimekaa na kalamu siku tatu. (Binti, Kiwira)

Binti yangu, mlima mlio nao una jibu zuri sana. Katika misitu ya Rungwe na Livingstone anaishi kima mmoja, mwenye manyoya ya kahawia, kishungi kichwani, na sauti kama mbweko wa mbwa mwenye mafua. Wanasayansi walimtangaza kwa ulimwengu 2005. Mwaka uliofuata wakagundua hafanani na jamii yoyote waliyokuwa nayo, wakamwandikia jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Magazeti ya dunia yakaandika.

Lakini jina lake, kipunji, halikutungwa maabara. Wanasayansi walilisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa kabla ya kumwona kima mwenyewe. Wazee walikuwa wakimsikia akilia, wakampa jina. Siku zote hizo alikuwa kamili. Cheti kilipokuja hakikumwongezea hata unyoya.

*Matawi alirukia,*
*msituni akilia,*
*wazee walimjua*
*kabla jina kuandikwa.*

Nimeuacha bila kutaja kwaya. Baba yako ndiye aliyesimama mbele ya sauti zile, atajua ni nani waliomjua. Ila nakuomba ufanye kazi moja zaidi ambayo mimi siwezi kukufanyia: nenda kwa wanakwaya wake wa zamani, wale ambao sasa ni bibi na babu, uwaulize majina yao na mwaka walioingia. Yaandike nyuma ya karatasi ya ubeti kwa mwandiko wako. Yakikosa nafasi, ongeza karatasi. Kisha mpelekee kwa mkono, Jumapili baada ya ibada, kabla hajavua koti.