Amepata 34 kwenye DES: je, niandike kwamba ni mgonjwa?

Swali: Mimi ni mnasihi katika kituo cha afya mkoani Tanga. Mteja wangu, mama wa miaka 29, amejaza dodoso la DES (Dissociative Experiences Scale, la kupima dalili za disosiesheni, yaani mtu kutengana na kumbukumbu, fahamu au mwili wake) lililotafsiriwa na mwenzangu, akapata wastani wa 34. Nimesoma kwamba mpaka ni 30. Je, niandike kwamba ana ugonjwa wa disosiesheni?

Jibu: Hapana, usiandike hivyo. DES ilitungwa na Eve Bernstein na Frank Putnam, ikachapishwa mwaka 1986, na kazi yake ni kuchuja. Ina maswali 28. Kila moja mtu anataja ni asilimia ngapi ya muda jambo hilo humtokea, kisha unajumlisha na kugawa kwa 28. Anayevuka 30 anastahili kuhojiwa kwa kina, basi. Wengi wanaovuka hapo wana matatizo mengine, hasa msongo unaofuata kiwewe (PTSD), na wapo wagonjwa wanaobaki chini yake.

Wastani wenyewe unaficha mengi. Yapo maswali ya kuzama katika jambo hadi kusahau mengine: kusafiri kwa gari ukashtuka hukumbuki sehemu ya njia, au kutekwa na filamu. Haya huwapata hata watu wazima wa afya. Mengine ni mazito: kujikuta mahali usijue umefikaje, kuona mwili si wako, kutomtambua ndugu. Watafiti Waller, Putnam na Carlson walichagua maswali manane ya namna hiyo mwaka 1996. Ni namba 3, 5, 7, 8, 12, 13, 22 na 27. Anza kuyatazama hayo kwenye karatasi ya huyo mama.

Kisha kaa naye, upitie kila jibu lisilo sifuri. Tuseme swali la 5, la kukuta vitu vipya usivyokumbuka kuvinunua, ameweka 40. Mwambie, "Nipe mfano wa mara ya mwisho." Akisema mumewe huleta vitu bila kumwambia, jibu hilo si dalili. Akisema alikuta khanga mpya kabatini, ujumbe wa malipo upo kwenye simu yake mwenyewe, na siku hiyo yote hana kumbukumbu nayo, hapo pana jambo. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Tafsiri nayo inanitia wasiwasi. Mpe mtu ambaye hajaona dodoso la asili airudishe kwenye Kiingereza, mlinganishe. Hakikisha maelekezo ya kutohesabu nyakati za ulevi hayakuachwa. Mara nyingi hurukwa. Na kama asilimia zinamchanganya, msomee wewe, umuulize ni siku ngapi kwa mwezi.

Muulize pia kuhusu pepo, kwa heshima. Kupandisha kwenye ngoma, kwa mila na bila kumletea dhiki, si ugonjwa. Kukimjia asipotaka na kukavuruga kazi na malezi, ni habari nyingine. Utafiti wa Marjolein van Duijl na wenzake kusini magharibi mwa Uganda, uliochapishwa 2010, ulikuta waliopagawa wana dalili nyingi zaidi za disosiesheni na historia nzito zaidi ya kiwewe kuliko wenzao wenye afya.

Lakini kabla ya kuhitimisha lolote, fikiria kifafa, maana nacho huweza kuleta dalili kama hizi. Uliza waliomshuhudia: hukodoa macho, hutafunatafuna, hujikojolea? Kwenye rufaa andika: "DES 34, mifano imeambatishwa, naomba uchunguzi wa kifafa na usaili wa daktari wa akili."